Mama Si Kazi

2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, wewe na shemeji yangu. Sisi tupo. Ningeandika kwamba tupo salama, lakini karatasi hii nimeinunua mwenyewe na sitaki kuianza kwa uongo.

Nakuandikia kwa sababu simu imeshindikana. Nikiishika tu, mama anaidaka. Anadhani marehemu baba yumo ndani, anamgombeza kwa nini hajarudi na nyama imeshaiva. Mara ya mwisho uliyegombezwa ni wewe, ukakata. Sikulaumu. Baba mwenyewe angekata.

Hali ya mama siyo ile uliyoiacha. Asubuhi namwosha, ananipiga. Namvisha, anavua. Nikigeuka kidogo anachomoa nguo za wateja kwenye mfuko na kufumua mikono yote. Amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, sasa kila mshono wangu kwake ni hesabu iliyokosewa, lazima ifutwe ianzwe upya. Nguo zake zikilowa anazificha chini ya vitambaa vya watu. Wiki iliyopita bibi mmoja alikuja kuchukua gauni la harusi ya mwanawe, akalinusa, akaniangalia. Nikamwambia ni harufu ya pasi.

Picha yako iliyo ukutani anaijua. Wageni wakija anawaonyesha: "Huyu ni kitinda mimba wangu, daktari wa vichwa vya watu." Mimi kifungua mimba wake ananiita mama fundi. Na amemnong'oneza mke wa mwenye duka jirani kwamba mama fundi ni mtu mzuri ila anamwibia nguo.

Cheka, nimekuruhusu. Ukimaliza kucheka nisikilize. Nakuomba kitu kimoja tu: njoo umchukue mama kwa mwezi mmoja. Mmoja, nilale, nirudi kuwa mtu. Kuna jambo linaniogopesha na sina mwingine wa kumwambia. Nampenda mama. Bado nampenda. Akisinzia mdomo wazi nakaa namwangalia na roho yangu inatulia. Lakini upendo huo unapungua, nauhisi, kama mtu anavyoinua taa akajua mafuta yanakwisha hata kabla hajaifungua. Naogopa siku nitakayoamka nisiukute.

Njoo kabla ya siku hiyo.

Dada yako

11 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama mdogo wako, kisha kama mshauri wa afya ya akili. Umefanya vizuri kusema. Wengi hawasemi.

Naomba tuanze kwa kuelewa tunachozungumzia, maana siku hizi kila mtu aliyelala vibaya anasema amechoka akili. Unayoyaeleza wengine wangekimbilia kuyaita sonona. Mimi sitaki tukimbilie huko. Kuna hali tunayoiita uchovu wa kazi. Wataalamu wanaoainisha maradhi wameitaja, lakini hawakuihesabu kuwa ugonjwa. Ni hali inayompata mtu baada ya msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukushughulikiwa. Ina sura tatu. Ya kwanza, kuishiwa nguvu kabisa, usingizi hausaidii. Ya pili, mtu anajitenga na kazi yake moyoni, anaiona kwa kejeli, watu anaowahudumia wanageuka kuwa vitu. Ya tatu, anaona hafanyi chochote cha maana.

Zingatia kwamba neno hili ni la kazini tu. Halitumiki kwa ndoa, wala malezi, wala kuuguza mzazi. Kwenye semina zangu daima kuna mama mmoja anayenyoosha mkono kuuliza kama anaweza kuwa amepata uchovu wa kazi kutokana na mume wake. Tunacheka, kisha namweleza kwamba hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo, dada, nijibu haya bila haraka. Unakaa kwenye cherehani muda gani kwa siku? Wateja unawaonaje siku hizi, wanakukera? Unapomaliza nguo, unajisikiaje?

Kuhusu mama kuja huku, tutaliongea. Tunakaa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, na kazini kumechemka. Lakini silisahau.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu mshauri,

Marahaba.

Maelezo yako nimeyasoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama, mguu mmoja ndani, mwingine nje, ili asitoke. Nimeelewa hivi. Mtu akikaa ofisini toka asubuhi mpaka jioni, na mlango wa kutokea upo, akachoka, hali yake ina jina na sura tatu. Mimi niliye na mama usiku na mchana sina jina, kwa sababu hakuna aliyeniajiri. Nimemwambia leo nikimfunga vifungo, "Mama, kumbe wewe si kazi." Akanijibu, "Basi kaa chini uandike." Mwalimu haachi ualimu.

Na huyo mama anayenyoosha mkono kwenye semina, siku nyingine usicheke. Mwulize anaitwa nani.

Haya, maswali yako. Cherehani nakaa nayo mama akishakunywa chai mpaka jua linapokuwa kali, kisha jioni mke wa mwenye duka akija kumshikia kidogo. Ndiyo, nimechoka. Mgongo unauma, macho yanauma. Wateja wananikera, wamenikera tangu siku niliyonunua cherehani. Wanakuja kupimwa wakiwa wameshiba na kuvaa wakiwa na njaa, halafu fundi ndiye aliyekosea. Nikimaliza nguo najisikiaje? Pindo ni pindo. Lakini nikikanyaga pedali simsikii mtu. Napiga mstari, nauona umenyooka, basi. Hakuna kitu kingine kilichonyooka nyumba hii.

Umeona kwamba maswali yote uliyouliza ni ya cherehani? La mama hukuuliza hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, najua, lakini wewe kitanda hiki ulizaliwa juu yake.

Mimi nina swali moja tu. Unakuja lini?

Dada yako

28 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Naelewa hasira iliyo kwenye barua yako, na siichukulii vibaya. Hasira nayo ni sehemu ya picha.

Majibu yako yamenisaidia sana, kuliko unavyodhani. Uchovu wa mwili na macho, hiyo ni sura ya kwanza. Unaposema wateja wanakukera na kwamba ukikanyaga pedali humsikii mtu, hiyo ndiyo sura ya pili, kujitenga. Ni dalili ya wazi, ningeweza kuiandika ubaoni kwa maneno yako. Na "pindo ni pindo" ni sura ya tatu. Kazi imepoteza maana. Dada, huu ni uchovu wa kazi, na chanzo chake ni cherehani. Umeshona bila likizo tangu ukiwa msichana. Ya mama yanakuelemea kwa sababu unayafikia ukiwa tayari umekwisha.

Hatua ya kwanza ni kuondoka kwenye chanzo. Nakushauri, na nakuomba kama mdogo wako, funga cherehani mwezi mzima. Usipokee nguo hata moja. Nitatuma pesa za kuziba pengo, usiwe na wasiwasi. Tembea kidogo. Vuta pumzi kwa utulivu, hesabu mpaka nne, itoe taratibu. Na utapata muda wa kutosha wa kukaa na mama bila haraka, jambo ambalo litawafaa nyote wawili.

Kuja mwezi huu haiwezekani. Tujaribu hili kwanza.

Mdogo wako akupendaye

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Wewe ndiye uliyesoma.

Cherehani nimeifunika shuka tangu mwanzo wa mwezi. Sare za muhula mpya amechukua fundi wa ng'ambo ya barabara, mkono wake mbaya lakini yupo. Ulichotuma kimefika.

Siku hizi mambo yametulia. Mgonjwa anakula. Mgonjwa analala mchana. Akipiga, nasubiri amalize. Zamani nilikuwa nikilia, sasa silii. Juzi alijigonga mkono mlangoni, una alama, si kubwa. Akiniita mama fundi naitika. Hakuna shida.

Habari ya kuja usijisumbue nayo.

Dada yako

12 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana! Barua yako imenifurahisha mpaka nimemsomea shemeji yako kwa sauti. Jiangalie ulivyobadilika. Ile ya kwanza ilijaa machozi na hofu, ya pili imejaa hasira, na hii imetulia tuli. Hulii tena. Hubishani naye, unasubiri amalize. Unaitika jina analokuita. Ndivyo tunavyowafundisha watu miezi na miezi, wewe umelipata kwa wiki tatu. Mwezi mmoja mbali na cherehani!

Laiti ungejua ninavyokuonea wivu. Huku semina inafuata semina, wateja wamejaa mpaka kwenye korido, siku nyingine napitiwa na chakula cha mchana. Nimeomba ruhusa, wamekataa. Kabla ya mwezi wa nane siwezi kutoka hata siku moja. Nashukuru kwamba sasa si jambo la haraka tena.

Endelea hivyo hivyo, na cherehani iache imefunikwa mpaka utakapojisikia kabisa. Mpe mama salamu zangu. Picha yangu bado anaijua?

Mdogo wako

14 Juni

Kwa Dada wa Mshauri,

Salamu. Mimi ni karani wa mapokezi katika kituo anachofanyia kazi mdogo wako. Barua yako iliyoandikwa HARAKA imefika mezani kwangu, na kwa kuwa juu ya bahasha umeandika "yeyote atakayeipata aifungue na anijibu," nimeifungua na nakujibu.

Unasema umemwandikia nyumbani tena na tena hajibu, na unaogopa ameugua. Ondoa hofu. Hajaugua kwa maana ya kuugua. Mshauri yuko likizo ya mapumziko tangu mwanzo wa mwezi wa tano. Daktari alimwandikia. Amekwenda na mume wake kwenye nyumba moja ya wageni huko milimani, penye baridi na ukimya, nasikia hata simu hazishiki vizuri, na ndivyo alivyotaka. Semina zote zimeahirishwa. Anategemewa kurudi nyumbani mwisho wa mwezi huu na kazini katikati ya mwezi wa saba. Nilidhani familia mnajua.

Ningekuomba usimwambie ni mimi niliyesema, lakini bahasha ina muhuri wetu, basi sema tu. Hapa sote tunamtakia mapumziko mema. Mshauri akichoka anapewa mlima. Karani akichoka anaambiwa amechelewa.

Poleni na mgonjwa.

Karani

22 Juni

Mdogo wangu,

Karani wako ni muungwana. Ukirudi mpandishe cheo.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano uliniandikia kwamba wateja wamejaa mpaka kwenye korido. Korido ya wapi? Ya hoteli? Umeomba ruhusa wamekataa. Nani alikataa, mpishi? Nimekulea mgongoni, nimekuvusha barabara ukienda shule, na leo unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama mteja anayekudai.

Sikasiriki kwamba umechoka. Nani hachoki. Ungeniandikia tu, "Dada, na mimi nimekwisha," ningelia na wewe. Ninachokasirikia ni kwamba wewe ulichoka ukapewa mlima, na mimi nilikuambia nimechoka ukanipa maana ya neno.

Halafu cherehani. Nilikuambia nikikanyaga pedali simsikii mtu, na wewe ukaona ugonjwa. Mtoto wa mwalimu, hukujua kwamba hiyo ilikuwa ndiyo pumzi yangu? Saa zile mbili tatu za asubuhi nilikuwa fundi, mtu mwenye mkasi na chaki, mtu anayeombwa na kushukuriwa. Ukanifungia mlango uleule niliokuwa navutia hewa, ukaniambia sasa nina muda wa kutosha wa kukaa na mama. Nilikaa naye. Nilikaa naye kutwa kucha, mpaka nikaacha kumwona.

Na ile barua uliyomsomea shemeji kwa sauti, nakueleza sasa nilichokuwa nakuandikia. Mama hakujigonga mlangoni. Alikuwa amemwaga ndoo ya maji niliyoteka kwa ajili ya kumfulia. Nilimshika mkono nikabana. Niliona vidole vyangu vikibana na sikuviachia mpaka alipolia. Alilia kama mtoto, akamwita mama yake. Na mimi sikuhisi kitu, mdogo wangu. Nilisimama pale nawaza kwamba maji ya kufulia yamekwisha. Hapo ndipo nilipotulia tuli. Ndipo ulipofurahi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitapanda basi na mama, nitamleta kwako. Siombi. Ngazi zikiwa nyembamba, nitampandisha mgongoni.

Dada yako

18 Julai

Dada,

Hata maji hukunywa. Ulimkalisha mama kwenye kochi, ukaweka begi lake miguuni, ukanionyesha dawa ya asubuhi na ya jioni, ukashuka. Nilikuita kutoka dirishani. Najua ulisikia kwa sababu uliongeza mwendo.

Nilitaka kukuandikia siku ileile nikashindwa, kwa kuwa kila sentensi niliyoanza ilikuwa na sauti ya ofisini. Sasa naandika vyovyote itakavyokuja.

Nilichoka, dada. Toka mwaka jana. Nilikuwa nakaa mbele ya mtu anayelia na mimi nahesabu maua ya pazia nyuma yake. Mwanamke mmoja alinieleza jinsi alivyompoteza mtoto, nikajikuta nawaza kama soko bado litakuwa wazi. Kisha natoka, naingia ukumbini kuwafundisha watu dalili za uchovu wa kazi, nao wanapiga makofi. Nilikwenda kwa daktari wa kituoni kwetu. Alinisikiliza, akasema tunajua wote wawili hii ni nini, na tunajua si ugonjwa, na hakuna anayepewa likizo kwa kitu ambacho si ugonjwa. Akaandika shinikizo la damu. Damu yangu ni nzima kabisa.

Nilikudanganya kwa sababu nilijua ukisikia nina nafasi utamleta mama. Nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi, sina.

Barua yako ya Aprili nimeisoma upya. Kila dalili niliyoiandika ubaoni imo. Mgonjwa, mgonjwa, hakuna shida. Ingekuwa ya mgeni ningeinuka kitini. Ilikuwa yako, na mimi nilitaka sana uwe umepona, kwa sababu ukipona siji.

Mama hanijui. Picha yangu aliyokuja nayo anaibusu, ananionyesha mimi, "Huyu ni kitinda mimba wangu." Nikimwambia ndiye mimi anacheka kwa adabu kama unavyomchekea mlevi. Kwake mimi ni muuguzi. Nikimwosha anapiga. Shemeji yako amevumilia wiki moja, sasa amehamia kwa kaka yake, eti mpaka mambo yakae sawa. Kazini nilitakiwa Jumatatu. Sikuweza kumwacha, sikwenda, na karani ameniambia kuna barua yangu ya onyo inapigwa chapa.

Anakuulizia. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Kutwa amekaa mlangoni na begi lake, anasema anamngoja mama fundi. Jana nilimwuliza mama fundi ni nani. Akasema, "Ni yule mwenye mikono mizuri." Nikamwuliza kama hakumwibia nguo. Akanijibu, "Aliiba, lakini alizirudisha zimenyooshwa."

Dada, nimeshindwa, na naona haya kuandika hivi. Wewe sasa umepumzika kidogo. Njoo umchukue. Au tupeane zamu, mwezi kwako mwezi kwangu, nitafanya chochote utakachosema. Anakungoja wewe, siyo mimi.

Mdogo wako

27 Julai

Mdogo wangu,

Barua imefika. Pole. Naandika pole na ninajua ni neno linalotakiwa mahali hapa, ndiyo maana nimeliandika.

Nimefunua cherehani. Wateja wawili watatu wamerudi, wengine wamekwenda moja kwa moja. Siku za kwanza nililala kama gogo. Mke wa mwenye duka alikuja kugonga akidhani nimekufa. Nikaamka, nikapiga deki chumba cha mama, nikaanika godoro, harufu ikatoka. Kisha nikakaa kitandani kwake nikasubiri.

Nilidhani ni usingizi tu. Nilidhani nikilala vya kutosha kitarudi kile kitu nilichokuambia mwezi wa tatu kwamba kinapungua. Watu husema mtu akiondoka nyumbani hata kijiko chake kinakuliza. Nimekishika kijiko chake. Ni kijiko. Nimelikunja sweta lake, nikaona kiwiko kimetoboka, nikawaza rangi ya uzi. Nimekaa chumbani kwa mama yangu, mdogo wangu, najilazimisha kumkosa, na simkosi. Kumenyamaza, na ninapapenda palivyonyamaza.

Ule mstari wako wa mama kukaa mlangoni na begi lake nimeusoma tena na tena. Mwezi wa tatu ningetoka mbio bila viatu. Sasa naujua kuwa ni mstari wa kusikitisha, kama unavyosoma habari za watu wa mbali.

Nakuandikia uchungu wangu wote uuone, maana sitauandika tena. Sikudai mlima. Uongo wako nao nimeshauzoea. Ninachokudai ni kwamba nilikuita ukiwa na nafasi ya kuja. Ungekuja siku zile ningekukabidhi mama yangu. Ningelia kwenye ngazi zako, ungenifukuza nisikose basi, na mwezi ungekwisha nikawa mlangoni kwako alfajiri kumfuata. Hukuja. Niliyekukalishia kwenye kochi ni bibi kizee mwenye begi. Mama yangu nilimpoteza hapa nyumbani akiwa hai, nikiwa nimemshika mkono, na sikusikia hata alipoondoka.

Usiniandikie jina la hali hii. Nina hakika unalo, na pengine safari hii ni ugonjwa kabisa, naruhusiwa cheti. Sina wa kumpelekea.

Zamu sitaki kukuahidi. Kumchukua naweza. Mikono yangu inajua kila kitu, inaweza kumwosha nikiwa nimelala. Lakini mikono hii ilishambana mara moja na mimi nikiangalia, na hakukuwa na mtu ndani wa kuizuia. Mpaka awepo mtu ndani, mama yuko salama zaidi na wewe unayelia.

Maji ya baridi hayapendi mgongoni, anza na miguu. Mpe kitu akisahihishe, daftari, gazeti, chochote, na kalamu nyekundu. Akisahihisha hapigi. Mwambie shemeji arudi nyumbani, kaka yake ana watoto wake.

Na siku mama akicheka, akicheka kweli, niandikie alichekea nini. Usinifafanulie, niandikie tu ilivyokuwa. Nitaisoma hiyo barua nikiwa nimekaa. Nikihisi kitu, hata kidogo, nitapanda basi siku ileile. Nisipohisi nitaikunja, niendelee na kola iliyo kwenye sindano.

Dada yako